Kwa Nini Vidonge vya Mama Vilichelewa: Homoni na Jeni Ndani ya Miili Yetu



 Naomba mwaka huu mniruhusu nitoke kidogo nje ya masomo mliyonizoea. Wengi wenu mnanijua kwa fiqhi na tajwidi. Stashahada yangu ni ya masomo ya Kiislamu, wala mimi si daktari. Makala hii ninaiandika kwa kuwa nina deni. Kuna kosa nililolifanya nyumbani kwetu, na sikulielewa mpaka nilipokaa chini nikasoma jinsi homoni zinavyofanya kazi ndani ya seli.

Miaka michache iliyopita mama yangu mzazi alianza kuchoka bila sababu. Alijifunika blanketi katikati ya joto la kaskazi. Sauti ikawa inakwaruza, ngozi ikakauka, mwili ukaongezeka ilhali chakula chenyewe alikuwa anakidonoa tu. Tukampeleka hospitali, akapimwa damu, tukaambiwa tezi yake ya shingo imezembea. Akaandikiwa vidonge vya thairoksini, kimoja kila asubuhi kabla ya kula, kwa kuanzia dozi ndogo kwa sababu ya umri wake. Wiki ya kwanza ikapita hakuona kitu. Ya pili vilevile. Mwezi ukaisha tofauti ni ndogo mno. Kisha Ramadhani ikaingia, akaniuliza, "Mwanangu, hivi vidonge vya asubuhi nifanyeje?" Nikamjibu kwa ile haraka ya mtu anayeulizwa masuala kila siku, "Kwani mama vimekusaidia nini? Viache kwanza mpaka tule Idi."

Siku za mwanzo alikuwa mzima, nami nikaona nimempa jibu zuri. Kufika kumi la mwisho alikuwa anasinzia juu ya msala, uso umemvimba, na jioni moja akaniita kwa jina la marehemu mjomba wangu. Idi pili tulikuwa hospitali. Daktari hakunigombeza. Aliniambia, "Ustadhi, dawa hii si kama panadoli. Hii inakwenda kuzungumza na jeni." Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Sikuelewa hata neno.

KITABU KISICHOTOKA KABATINI

Mwili wetu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana ila kwa hadubini. Ndani ya karibu kila seli mna kiini, na ndani ya kiini mna uzi mrefu uitwao DNA. Uzi huo katika seli moja, ukinyooshwa, hufika kama mita 2, nao umesokotwa ukakunjwa katika vifurushi 46 viitwavyo kromosomu. Juu ya uzi huo ndimo zilimo jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza protini. Mwanadamu ana jeni za namna hiyo karibu 20,000. Protini ndizo zinazofanya kazi: zinabeba hewa kwenye damu, zinakunja misuli, zinameng'enya chakula, zinaizuia ngozi isichanike.

Wale waliosoma vyuo vya zamani watanielewa nikitoa mfano huu. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja cha thamani, nacho hakikutoka kabatini. Mwanafunzi aliandikiwa sehemu yake kwenye ubao, akaenda nao barazani kujifunza, akimaliza ubao unaoshwa. Seli nayo ina kawaida kama hiyo. DNA haitoki kwenye kiini. Protini fulani ikihitajika, hunakiliwa ukurasa wa jeni hiyo tu. Nakala hiyo, iitwayo RNA ya ujumbe, hutoka nje ya kiini, husomwa, protini hutengenezwa, kisha baada ya muda nakala hufutwa. Mfano ni mfano tu, msiushike kila upande, lakini utatufaa.

Sasa hapa pana swali ambalo mwanafunzi mmoja wa darasa la tano aliniuliza nilipowaeleza haya, nami nikafurahi sana. "Ustadhi, kama seli ya jicho na seli ya ini zina kitabu kimoja, mbona jicho halitengenezi nyongo?" Jibu ni kwamba kila seli imefungua kurasa zake na kuzifunga nyingine. DNA imezungushwa kwenye vigurudumu vya protini viitwavyo histoni. Palipobanwa sana hapasomeki, palipolegezwa panasomeka. Na miongoni mwa vitu vinavyoiamuru seli ifungue ukurasa upi na ifunge upi, na kwa kiasi gani, ni homoni.

WAJUMBE WA NAMNA MBILI

Neno homoni lilianza kutumiwa na Ernest Starling, tabibu wa London, mwaka 1905. Ni kemikali inayotolewa na tezi sehemu moja ya mwili, ikasafiri kwa damu, ikatoa amri sehemu nyingine. Lakini wajumbe hawa hawaingii nyumbani kwa njia moja.

Wapo wanaoishia mlangoni. Insulini ni mmoja wao. Seli imezungukwa na utando wa mafuta, na insulini haiwezi kuupenya. Inabisha hodi, inakutana na kipokezi kilicho mlangoni, na ujumbe unapelekwa ndani na watu wa nyumbani. Adrenalini nayo ni hivyo hivyo. Mtu akikutana na nyoka njiani, moyo wake unadunda kabla hajajua amekanyaga wapi, kwa kuwa adrenalini inaamsha vitu ambavyo tayari vipo ndani ya seli.

Kundi la pili ndilo tunalolizungumzia. Hili ni kundi la homoni za steroidi na zile za tezi ya shingo, ambazo kazi yao kubwa wanaifanya ndani kabisa, kwenye kitabu chenyewe. Homoni za steroidi zote mwili huzitengeneza kutokana na kolesteroli, ile ile tunayotishwa nayo kwenye redio. Kotisoli na aldosteroni hutoka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, ziitwazo adrenali. Estrojeni, projesteroni na testosteroni hutoka zaidi kwenye viungo vya uzazi, nazo ndizo ziletazo alama za baleghe mnazosoma kwenye fiqhi: sauti kubadilika, nywele kuota, hedhi kuanza. Kwa kuwa asili yao ni mafuta, homoni hizi hupenya utando wa seli bila kubisha hodi.

Akishaingia, kotisoli humkuta kipokezi chake akimsubiri. Kipokezi ni protini kubwa yenye tundu ambalo umbo lake linamfaa kotisoli. Kabla ya mgeni kufika, kipokezi huyu ameshikiliwa na protini nyingine zinazomlinda, kama mtoto aliyeshikwa mkono na walezi. Kotisoli akiingia kwenye lile tundu, kipokezi anabadilika umbo, walezi wanamwachia, naye anaingia kwenye kiini pamoja na homoni yake. Huko hutembea wawili wawili. Kila kipokezi ana vijisehemu viwili vilivyochomoza kama vidole, na kila kidole kimekazwa na chembe ya zinki. Kwa vidole hivyo anaipapasa DNA mpaka apate mahali pake.

Mahali penyewe pameandikwa. DNA ina herufi nne tu, na anuani ya kipokezi cha kotisoli ni herufi 6, nafasi ya herufi 3, kisha herufi 6 nyingine zinazoelekeana na zile za kwanza kama uso na kioo. Kipokezi mmoja anashika upande huu, mwenziwe upande ule. Wakishajituliza hapo wanawaita wasaidizi. Wasaidizi hao wanazibandika histoni alama ndogo za kemikali zinazozifanya zilegee, ukurasa unafunguka, na mashine ya kunakili inaanza kazi. Nakala zinatoka, protini zinatengenezwa.

Wakati mwingine kazi huwa kinyume. Mahali pengine kipokezi huyo huyo huzima jeni badala ya kuiwasha. Kotisoli huzima jeni nyingi zinazoleta uvimbe, joto na maumivu, na hiyo ndiyo sababu dawa zilizotengenezwa kwa mfano wake, kama prednisoloni na deksamethasoni, zinatumika kwa pumu, mzio na maradhi ya viungo.

HOMONI YA SHINGONI

Homoni ya tezi ya shingo si steroidi. Imetengenezwa kwa chembe za protini na madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi. Tezi hutoa zaidi ile yenye atomi 4 za madini joto, iitwayo T4 au thairoksini. Hii hupitishwa na milango maalumu kwenye utando wa seli. Ndani, kimeng'enya chenye madini ya seleniamu huinyofoa atomi moja ikabaki na 3, ikawa T3. T3 ndiyo yenye nguvu hasa. T4 ni kama mpunga, T3 ni mchele.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kilichompata mama. Kipokezi cha T3 hakisubiri nje kama kile cha kotisoli. Chenyewe kimekwisha kaa juu ya DNA siku zote, mara nyingi pamoja na mwenziwe wa namna nyingine. Na homoni ikikosekana hakikai kimya. Kinawakusanya wazuiaji wanaoubana ukurasa usisomwe. T3 ikifika, wazuiaji wanaondoka, wawezeshaji wanaingia mahali pao. Basi mtu aliyepungukiwa na homoni hii si kwamba jeni zake hazikuamshwa tu, zimekaliwa. Watafiti waliwahi kuzalisha panya wasiokuwa na vipokezi hivyo kabisa, wakakuta panya hao wana hali afadhali kuliko panya wenye vipokezi lakini waliokosa homoni. Mlinzi asiyepata barua ya kufungua mlango ana madhara kuliko mlango usio na mlinzi.

Na ni jeni zipi hizo? Miongoni mwake ni jeni za pampu zinazosukuma chumvi nje ya seli, ambazo zikifanya kazi hutoa joto. Zikipungua, mtu anaomba blanketi mwezi wa Januari. Nyingine ni za misuli ya moyo, zikizembea mapigo hupungua. Nyingine ni za vipokezi vya ini vinavyoiondoa kolesteroli kwenye damu. Na kweli, kolesteroli ya mama ilikuwa juu, tukadhani ni nazi.

WALIVYOGUNDUA

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja. Mwaka 1912 mwanasayansi aitwaye Gudernatsch alichapisha habari za viluwiluwi aliowalisha vipande vya tezi ya shingo ya wanyama. Viluwiluwi wale waligeuka vyura kabla ya wakati wao, vyura vidogo vya ajabu, kwa kuwa walibadilika kabla hawajapata nafasi ya kukua. Wanafunzi wangu wa dimbwi la nyuma ya msikiti, mnaowajua viluwiluwi vizuri kuliko hesabu zenu, angalieni jambo hili: homoni ile ile moja ikifika kwenye seli za mkia inawasha jeni za vimeng'enya vinavyoula mkia ukatoweka, na ikifika kwenye seli za mguu inawasha jeni za kuuotesha mguu. Ujumbe ni mmoja. Kurasa zilizokuwa tayari kufunguliwa ndizo zilizotofautiana.

Edward Kendall aliipata thairoksini ikiwa safi huko Rochester, Minnesota, Marekani, mwezi Desemba 1914. Mtu huyo huyo baadaye akahangaika na homoni za adrenali, na mwaka 1948 mwenzake Philip Hench akaijaribu mojawapo, kotisoni, kwa mwanamke aliyekuwa hawezi hata kujigeuza kitandani kwa maumivu ya viungo. Baada ya siku chache aliinuka akatembea. Mwaka 1950 wawili hao pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini hakuna katika hao aliyejua dawa yao inafanya nini ndani ya seli.

Dokezo la kwanza lilitoka kwa mdudu. Mwaka 1960 Wajerumani wawili, Ulrich Clever na Peter Karlson, waliwadunga mabuu wa kijidudu kinachofanana na mbu homoni ya steroidi inayowafanya wadudu wajivue ngozi. Mabuu hao wana kromosomu kubwa mno zinazoonekana kwa hadubini ya kawaida. Muda mfupi baada ya sindano, sehemu maalumu za kromosomu zikatutumka kama andazi kwenye mafuta. Pale palipotutumka ndipo jeni zilipokuwa zinanakiliwa. Kwa mara ya kwanza watu waliona kwa macho homoni ikifungua kurasa.

Wakati huo huo Elwood Jensen wa Chicago alikuwa ameitia estrojeni alama ya mionzi ili aifuatilie mwilini mwa panya. Akaona inapita kwenye misuli na kuondoka, lakini kwenye mji wa mimba inashikwa na haiachwi. Kuna kitu kinaishika! Hicho kilikuwa kipokezi. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alipoieleza kazi hiyo kwenye mkutano mjini Vienna mwaka 1958, waliokuja kumsikiliza walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Leo mwanamke akipatikana na saratani ya matiti, moja ya vipimo vya lazima ni kuangalia kama uvimbe una kipokezi hicho, kwani ukiwa nacho zipo dawa, kama tamoksifeni, zinazokaa kwenye lile tundu na kuizuia estrojeni isiingie.

Mwaka 1985 kundi la Ronald Evans huko California liliipata jeni ya kipokezi cha kotisoli cha binadamu, na mwaka uliofuata makundi mawili yakakipata kipokezi cha homoni ya shingo. Walipovilinganisha wakaona ni ndugu wa tumbo moja, ingawa homoni zao hazifanani hata kidogo. Sasa inajulikana kwamba ukoo huo una watu 48 katika mwili wa mwanadamu, akiwemo kipokezi cha vitamini D tunayoipata kwa jua na kile cha vitamini A.

YANAYOTUHUSU MAJUMBANI

Nimerefusha kwenye seli kwa makusudi, kwa sababu mtu akielewa pale, mengi ya nyumbani yanajieleza yenyewe. Kubwa ni kwamba dawa zinazopitia kwenye jeni huchukua muda. Ukurasa ufunguliwe, nakala itolewe, protini itengenezwe, ikusanyike ya kutosha. Hayo ni masaa, mara nyingine siku na wiki. Na dawa ikiachwa, protini zilizokwisha tengenezwa haziondoki siku hiyo hiyo.

Chukua pumu. Tunao wanafunzi wenye pumu, na wazazi hupewa vipulizio viwili. Kimoja, mara nyingi cha bluu, hufungua njia ya hewa kwa dakika chache. Cha pili kina steroidi ya kuzima jeni za uvimbe kwenye mapafu, nacho hutumika kila siku hata kama mtoto anacheza mpira. Wazazi wengi hukiacha hiki cha pili kwa hoja ile ile niliyoitoa mimi: "Mbona hakimsaidii?" Kinasaidia, ila hakipigi kelele.

Chukua mtoto njiti. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama anayetarajiwa kujifungua kabla ya wakati akidungwa steroidi, mapafu ya mtoto aliye tumboni hukomaa haraka. Steroidi huharakisha kutengenezwa kwa ute unaoyazuia mapafu yasigandamane mtoto anapovuta pumzi ya kwanza. Majaribio makubwa ya deksamethasoni yaliyochapishwa mwaka 2020, ambayo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, yalithibitisha kuwa sindano hiyo inaokoa watoto pale hospitali inapokuwa na huduma nzuri. Lakini nayo huhitaji muda, kama siku moja, ili ifanye kazi yake kikamilifu. Basi mama akipata uchungu kabla ya miezi kutimia asicheleweshwe nyumbani akisuguliwa mgongo mpaka kupambazuke.

Ama mkorogo, hapo nitasema waziwazi, na dada zetu mnisamehe. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa kwa siri zina steroidi kali. Ni kweli zinapunguza weusi. Lakini ndani ya ngozi kipokezi kile kile kinazima pia jeni za kolajeni, protini inayoipa ngozi unene na uimara. Matokeo yake ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia halua, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, na fangasi wanastawi kwa kuwa askari wa mwili wamelazwa. Nimehudhuria harusi ambapo biharusi hakuweza kupakwa hina mikononi kwa vidonda.

Kuna jambo baya zaidi. Ubongo hupima kotisoli iliyomo kwenye damu. Ikiwa nyingi, jeni inayotoa amri ya kuziamsha adrenali huzimwa. Mtu akitumia steroidi kwa wiki nyingi, iwe vidonge au krimu kali mwili mzima, zile tezi zake hukaa bila kazi mpaka zikasinyaa. Akiacha ghafla, mwili hauna kotisoli ya nje wala ya ndani. Presha hushuka, hutapika, huweza kufa. Kwa hiyo prednisoloni ya muda mrefu hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, na haiachwi kwa kuwa imeingia Ramadhani, wala kwa kuwa ustadhi amesema.

Na chumvi. Homoni ya shingo haitengenezeki bila madini joto. Mtu mzima anahitaji kama maikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Ni kiasi kidogo hata kwenye ncha ya kisu hakionekani. Yakikosekana, tezi hutanuka ikawa rovu. Hasara kubwa zaidi iko kwa aliye tumboni na mchanga, kwa kuwa ubongo wake unajengwa kwa jeni zinazosubiri T3, na wakati ule ukipita haurudi. Watu wa bara, hasa nyanda za juu, ndio waliosifika kwa rovu. Sisi wa pwani tukijiona salama kwa samaki. Lakini utafiti wa Zanzibar uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu upo visiwani, na Pemba ulizidi Unguja, kwani chumvi nyingi iliyokuwa ikitumika Pemba wakati huo haikuwa na madini joto ya kutosha. Basi unaponunua chumvi soma pakiti, uihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, na usiianike juani.

NIRUDI KWA MAMA

Thairoksini iliyomo kwenye damu huchukua kama siku 7 kupungua nusu. Ndiyo maana alipoviacha vidonge siku za mwanzo hakuona kitu, nasi tukadanganyika. Akiba ilikuwa inaliwa. Siku ya saba imebaki nusu, ya kumi na nne imebaki robo, na wale wazuiaji niliowataja wanarudi mmoja mmoja kwenye jeni. Na kwa hesabu hiyo hiyo, mtu anayeanza dawa hungojea kama wiki 6 kabla ya damu yake kupimwa upya. Mwezi mmoja niliouona mrefu, kwa seli ulikuwa bado.

Alipoanza tena, wiki ya tatu aliliacha blanketi. Ya tano akaanza kunisahihisha ninapokosea majina ya jamaa zetu wa zamani. Daktari alinieleza pia kwamba kidonge kinataka tumbo tupu na maji matupu, kikae mbali na chai ya maziwa, na mbali zaidi, kama saa 4, na vidonge vya kuongeza damu au vya chokaa, kwani hivyo hukikamata tumboni kisiingie kwenye damu. Nikamuuliza kuhusu Ramadhani, safari hii nikiwa mimi ndiye muulizaji. Akasema wagonjwa wake wengine humeza usiku kabla ya kulala ikiwa wamekaa saa 3 bila kula, na wengine humeza kabla ya daku, wasile mpaka ipite nusu saa au saa nzima. Kila mtu aulize lake kwa anayemtibu.

Mama alichagua la pili. Ramadhani zote tangu wakati huo simu inalia saa tisa na nusu za usiku, mjukuu wake anampelekea kidonge na glasi ya maji, anakimeza, anasali rakaa zake, kisha ndipo anaingia jikoni kutupashia daku sisi tuliolala.